Mwenyekiti wa Baraza Hewa la Kilema

Chai ya Fabian haijapoa, tayari alikuwa mwenyekiti. Ilikuwa hivi: yuko zake mgahawani Njoro, meza ya nyuma mama wa Kizungu analalamika kwa dereva wake. Katoka Finland kufanya utafiti wa vijana na demokrasia, wiki nzima anatafuta baraza la vijana linalojiendesha lenyewe, hola. Akilipata, mwenyekiti wake anapandishwa ndege mpaka Helsinki akahutubie mkutano.

Fabian akageuza kiti.

"Shikamoo, Dokta. Baraza unalolitafuta liko Kilema. Mwenyekiti ndiyo mimi."

Uongo mtupu, lakini aisee, alivyoutamka hata wewe ungempa kura.

Jioni ile mtaani kwake, Pasua nzima ilijua Fabian anaenda Ulaya. Aliaga mpaka kinyozi. Sasa mtu ukishaaga Pasua halafu usiondoke, utaishije?

Kesho yake akapanda Kilema kutafuta wananchi. Akaokota vijana kumi na mmoja kijiweni, akawaahidi ndizi nyama na fulana. Ukatibu akampa Winfrida, kamaliza fomu foo, mwandiko kama umechapwa.

"Dada, nataka mihtasari ya vikao ya miaka mitatu."

"Vikao gani, kaka?"

"Vya baraza! Weka ajenda, weka ubishi, weka mmoja alichelewa."

"Na katiba?"

"Weka na katiba. Ndefu ndefu, tuonekane tuna akili."

Winfrida akaandika kwa kalamu tatu tofauti, kurasa nyingine akazimwagia kahawa zionekane za zamani. Fabian akasaini zote bila kusoma. Kiongozi mkubwa hasomi, anasaini.

Wiki tatu baadaye Dokta akafika na kamera. Vijana wameshiba ndizi, wamekaa duara kwenye kihamba, shamba la migomba la bibi yake Winfrida, Bibi Aikaeli. Fabian kahutubia ushirikishwaji nusu saa bila kumeza mate. Halafu Dokta akaomba katiba. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, Kiswahili cha chuoni, kimenyooka kama rula, "ibara ya saba inasema mwenyekiti atahudumu miaka miwili. Wewe una mitatu. Je, uchaguzi ulifanyika lini?"

Fabian akamtazama Winfrida. Winfrida anahesabu migomba.

"Uchaguzi ni... leo!" Fabian akadaka. "Ndiyo maana tumekualika."

Wasiwasi wa nini? Wapiga kura wamekula ndizi zake.

"Wagombea ni nani?"

"Mimi," akasema Fabian.

"Na mimi," akasema Winfrida.

Kura ni ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Fabian wala hakugeuka, anaitabasamia kamera. Alipogeuka, nyuma yake yuko Basili peke yake, na Basili alifuata kivuli.

"Nyie! Si mmekula?"

"Tumekula, kaka, tunashukuru," akajibu Isack kutoka mstari mrefu. "Ila fulana hatujaziona. Na Winfrida ni wa hapahapa."

Fabian akavuta pumzi ya kumwaga kila kitu. "Dokta, hili baraza ni la..."

Hakumaliza. Winfrida keshachomoa jani la isale mpakani mwa kihamba, kaja nalo mikono miwili, kapiga goti.

"Kaka Fabian, kama tumekukosea, tusamehe."

Mchaga akiletewa isale hakatai kusamehe, hata kama umemchomea nyumba. Na Bibi Aikaeli kamtolea macho.

"Pokea, mwanangu."

Akapokea.

Dokta machozi yanamlenga. "Wamekabidhiana madaraka kwa amani! Lazima Helsinki waone hili. Mwenyekiti mpya, pasipoti unayo?"

"Ninayo, Dokta," akasema Winfrida. "Imetoka juzi."

Fabian akasikia vizuri sana. Juzi! Lakini jani liko mkononi, msamaha keshautoa, na kamera bado inawaka.

"Ndugu mwenyekiti mstaafu," Dokta akamwita, "tabasamu kidogo."

Akatabasamu.