Mke wa Siku ya Bodi

Siku ilipotangazwa kwamba hakuna shamba litakalowekwa rehani mpaka mke wa mwenye shamba afike mbele ya bodi ya ardhi na kukubali kwa kinywa chake, mabroka wa mikopo wa Makindu waliziacha chai zao zipoe, kama watu wa matanga. Miaka hiyo ya themanini, kazi yao ilikuwa kumtoa mwanamume nyumbani na hati ya shamba ndani ya koti, kumfikisha kwenye kampuni ya mikopo, na kukata kamisheni yao kabla mke hajajua kwamba kuna safari. Sasa mke naye aitwe, aulizwe! Mfanyabiashara ataishi vipi katika nchi ya namna hiyo?

Kivuva peke yake aliagiza chai ya pili. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na ushee, viatu vinang'aa, maneno yake ni yale ya kumtoa nyoka pangoni. Wateja wake aliwaalika chakula cha mchana pale gurudwara, hekalu la Masingasinga la Makindu, ambapo msafiri yeyote hula bure, na wageni wa kutoka ndani ndani huko waliondoka wakiusifu ukarimu wa Kivuva.

Kwanza aliwafundisha wateja wake kusema hawajaoa. Mambo yakaenda sawa mpaka wazee wa bodi walipoanza kujiuliza wilaya yenye watoto wengi hivi imekosaje wanaume wenye wake. Wakaamua kwamba mwanamume mzima akija peke yake, arudi nyumbani akamlete mama watoto. Hapo ndipo Kivuva alipomtazama vizuri mwanamke aliyekuwa akimuuzia chai.

Jina lake Ndila. Alikuwa mpole wa sura, hakuwa na mume, wala hakuwa na mahali pa kupanda hata mbaazi. Kivuva alimweleza kwamba kazi ni nyepesi: unajifunga leso, unainamisha kichwa, ukiulizwa kama unakubali, unakubali. Siku hizo wanawake wengi hawakuwa na kitambulisho, na bodi iliamini leso na aibu. Akamzungusha kutoka bodi moja hadi nyingine, na Ndila akaolewa na nusu ya wilaya bila hata mume mmoja kumnunulia sabuni.

Mmoja wa waume hao alikuwa Mutie, aliyetaka mashine ya kusaga unga bila mkewe kujua. Ndila alisimama mbele ya bodi, akasema yeye ndiye Kalunde mke wa Mutie, akakubali. Mashine ikaja, ikasaga, ikaharibika. Mkopo haukuharibika. Shamba likapigwa mnada, Mutie akatorokea Mombasa, na asubuhi moja mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaketi kwenye kibanda cha chai cha Ndila, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Alisema amefukuzwa kwake, na kwamba bodini kuna mtu alisimama akajiita Kalunde. Alitaka tu kumwona huyo mtu uso kwa uso, amuulize alimkosea nini.

Ndila alimwongezea chai na mandazi, akakataa pesa. Aliona aibu kumtazama usoni. Kivuva alipopita jioni kumwambia kuna kazi nyingine, Ndila alitaka kummwagia maji ya moto. Lakini akasikia kazi yenyewe ni ipi, akaweka birika chini.

Safari hii mteja alikuwa Kivuva mwenyewe. Marehemu baba yake alimwachia shamba huko Mbumbuni, na tangu mazishi hakuwahi kulikanyaga. Alikuwa amepata mpimaji rafiki aliyeandika kwamba mto unapita kando yake, na mto huo, ambao hata mbuzi wa Mbumbuni hawakuwahi kuuona, ulipandisha bei vizuri sana. Kivuva angechukua mkopo, anunue Peugeot, apotee, na kampuni ibaki ikitafuta mto. Tatizo ni moja: hajaoa kweli. Na ni nani angemwamini, baada ya kazi aliyoifanya mwenyewe ya kuharibu jina la makapera?

Bodi ya Mbumbuni haikuwa imewahi kumwona Ndila. Alijifunga leso, akainamisha kichwa. D.O., afisa wa tarafa aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, mgeni katika sehemu hizo, alikuwa tayari kuandika, lakini Mzee Ndululu, mzee wa kanisa na mjumbe wa bodi, akauliza jambo dogo. Alitaka kujua ni nani waliokula ntheo.

D.O. akauliza ntheo ni nini. Akaelezwa kwamba ni mbuzi watatu ambao mwanamume Mkamba hupeleka kwa kina msichana, na kwamba bila mbuzi hao hakuna mke, kuna rafiki tu. Kivuva akasema walikula zamani. Mzee Ndululu akamgeukia Ndila.

"Hajapeleka, mzee," Ndila akasema, akitazama chini. "Baba bado anangoja."

Bodi ikaahirisha mambo mpaka mwezi ujao, Kivuva kwanza akatengeneze nyumba yake, na Mzee Ndululu akajitolea kuwa shahidi. Huko nje Kivuva alitoa matusi ambayo sitayarudia hapa. Ndila alimjibu taratibu kwamba hata wangedanganya, mzee angeweza kwenda kumuuliza baba yake Ndila, na mbuzi watatu ni kitu gani mbele ya Peugeot? Kivuva alipofikiria Peugeot, hasira ikaisha. Akanunua mbuzi, akawahesabu kuwa gharama za ofisi, akawapeleka kwa kina Ndila. Nyama ikaliwa, wazee wakabariki, na Kivuva alicheza kuliko watu wote, maana tapeli akijiona anatapeli hufurahi sana.

Mwezi uliofuata, D.O. alimuuliza Ndila kama anakubali shamba liwekwe rehani.

"Nimekataa," Ndila akasema. "Hilo shamba ndilo nitakalolima."

Kivuva aliruka kutoka kwenye benchi. "Bwana D.O., huyu si mke wangu! Nilimkodi!"

Askari wa mlangoni akageuza shingo.

"Ulimkodi," D.O. akauliza, kalamu mkononi, "afanye nini?"

Kivuva alimtazama askari. Alifikiria bodi zote ambako Ndila alikuwa amekubali, na wanaume wote waliokaa kando yake. Akaketi polepole, akasema ni hasira tu, mambo ya nyumbani.

"Kijana," Mzee Ndululu akamwambia, "mbuzi wako nimemla mimi, maini mpaka miguu. Huyu ni mke wako mpaka mfukiwe."

Mkopo ukafa siku hiyo. Kuuza shamba nako kunapitia bodi ileile, na mke yuleyule ataulizwa swali lilelile.

Mvua ziliponyesha, Kivuva, ambaye mabroka wenzake walikuwa wamemcheka hadi akaukimbia mji, alifika Mbumbuni na viatu vyake mkononi. Alikuta wanawake wawili wanalima, na mtoto amelala chini ya kivuli cha leso. Ndila alinyoosha mgongo.

"Huyu ni Kalunde mwenyewe," akasema. "Nilimweleza yote. Alinipiga kofi, kisha tukaanza kulima."

Kivuva aligeuka kuitazama njia aliyojia.

"Upande wa juu ni wake," Ndila akaendelea, "na huu wa katikati ni wangu. Wewe utalima kule chini, mahali pa mto."