Mhakiki Namba Tatu

Jumamosi, 14 Juni

Kwaraa! Plasta ikichanwa kwa meno. Nimerudi na sauti hiyo kutoka Issenye, hata matokeo ya mechi siyakumbuki. Kiungo wetu wa Tarime alianguka ameshika kifundo cha mguu. Nikakimbia na begi langu. Zipu ikakwama. Shamsia, mtaalamu wa timu ya Mugumu, akaruka mstari, akachana plasta kwa meno na kumfunga mchezaji WANGU. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza yule daktari ni nani, na yule binti anayegombana na begi ni nani. Akajibiwa kwamba mwenye begi ni wa kubandika barafu tu.

Nina shahada! Chuoni niliongoza darasa. Shamsia alikuwa wa pili.

Jumatatu, 16 Juni

Chama chetu cha wataalamu wa majeraha ya michezo kimetangaza ruzuku ya utafiti. Moja tu kwa mikoa yote ya Ziwa. Mshindi atapata mashine ya kupima nguvu za magoti na miaka miwili ya utafiti. Sisi watu wa barafu hatujawahi kupewa hata rula.

Shamsia amenipigia kuniambia ameshatuma andiko lake la kuomba ruzuku hiyo. Eti na mimi niandike, mwaya, tushindane kwa amani. Amani! Andiko langu la mwaka jana lilikataliwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa pole.

Siandiki. Nina njia bora. Chama kinatafuta wahakiki wa siri wa kuyapa maandiko alama. Sharti: mhakiki asiwe na jina kwenye andiko lolote. Sina. Nimejitolea, kwa manufaa ya taaluma.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeletewa andiko moja. Majina yamefutwa. Kazi bure! Linahusu wakimbiaji wa Issenye: wanaokimbia peku na wanaovaa viatu, nani anaumia vifundo zaidi. Issenye, kule kule aliponiaibisha! Ni la Shamsia, nani mwingine?

Ni zuri. Inauma lilivyo zuri. Nimelisoma mara nne nikitafuta kosa. Nimelipata ukurasa wa saba. Mtafiti atakayewapima wakimbiaji ameelezwa kuwa "binti makini, msomi, asiyependa makuu, mwenye moyo safi". Mtu anajisifu mwenyewe bila haya! Nimeandika: "Mtu wa namna hii hayupo duniani. Kama yupo, asikabidhiwe hata futi kamba." Alama za watafiti: sifuri.

Chakula cha mchana kilikuwa kitamu sana.

Jumatano, 2 Julai

Matokeo. Shamsia ameshinda!

Nimesoma tena. Utafiti wake ni wa magoti ya vijana wa Robanda wanaofukuza tembo mashambani kisha jioni wanacheza mpira. Tembo? Basi lile la Issenye lilikuwa la nani?

Mzee Waitara, mkuu wangu wa kazi, ameingia kliniki bila kuitikia shikamoo yangu. Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Akasema andiko la Issenye lilikuwa lake, jasho la miaka mitatu, na mpimaji aliyemtaja humo ni Nyangi Machage.

Mimi!

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwao ng'ombe hatangazwi akiwa bado njiani. Alitaka nishangae.

Nimeshangaa.

Akanisomea maoni ya Mhakiki Namba Tatu. Alipofika kwenye futi kamba akaikunja karatasi. Akataka kujua ni fisi gani huyu anayemtukana mtoto wa watu asiyemjua. Nikakubali kwamba ni fisi. Nikalia. Machozi ya kweli kabisa.

Alhamisi, 3 Julai

Shamsia amepiga simu. Amesikia, ameumia, anaomba nikapime naye magoti Robanda. Ananionea huruma! Nimesema nitafikiria.

Nimefikiria. Mtu asiye na hatia hawi mpole kiasi hicho. Kwani nani amefaidika na sifuri ile? Kalamu ilikuwa yangu, ndiyo, lakini hasira alinitia nani? Ukichunguza vizuri, maneno yale ni ya Shamsia. Mimi niliyaandika tu.

Jumamosi, 5 Julai

Mzee Waitara anakata rufaa. Ameniomba niiandike mimi, eti kalamu yangu ina makali. Ningekataa angeuliza sababu. Pia ni kweli ina makali.

Kurasa tano. Nimeeleza kwamba Mhakiki Namba Tatu ni mtu wa wivu, asiyestahili taaluma hii. Nimemtaja Shamsia kuwa mshukiwa wa kwanza. Nimedai chama kifungue kumbukumbu zake na kumtaja mhakiki huyo kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanachama wote, kwa majina yake matatu. Nilikuwa naiona sura ya Shamsia siku hiyo. Raha iliyoje!

Mzee ametia saini na kunibariki. Nimeituma saa nne asubuhi.