Mreno Aliyekataliwa Mara Moja Akakubali

Mtaa wa Kisima cha Mawe,
Weifang.
Jumatano

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa, Bi. Luan,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutuvumilia. Naandika kwa unyenyekevu kuiomba Kamati imchukulie hatua Bwana Duarte, yule Mreno fundi wa piano aliyepanga ghorofa ya tatu, kwa kosa la kunitii.

Jumamosi, kama unavyojua maana ulikula vizuri, nilimwoza binti yangu Peizhen. Bwana Duarte alikuja amebeba kitanda cha mtoto, kile cha kubembeza, alichokichonga kwa mikono yake miezi minne. Bi. Luan, nilikipenda papo hapo. Kwa hiyo nikafanya kama mtu yeyote aliyelelewa: nikakikataa, mara ya kwanza kati ya zile tatu za adabu. "Aa, hapana, hapana! Umejisumbua bure bwana, kirudishe nyumbani!"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikirudisha. Akasema, "Samahani sana, mzee," akajitwika kichwani, akapita nacho katikati ya meza kumi na sita huku wageni wote wamekodoa macho. Sikupata hata nafasi ya kukataa mara ya pili, sembuse ya tatu. Mke wangu alinifinya, na alama ninayo hadi leo.

2. Akarudi mikono mitupu, akala. Kula si kosa. Lakini mke wangu alipompa boksi la peremende za harusi, alilipokea papo hapo, akalifungua mbele yetu, akaanza kutafuna. Kumbe kupokea anajua!

3. Juzi nilimwendea kwa adabu zote. Nilikisifia kitanda saa nzima. Nilikibembeza kikiwa kitupu. Nilimwambia chumba chake kidogo, kitanda kinamzibia njia. Akanijibu, "Usijali mzee, najua hukitaki, sitakusumbua tena." Kisha akakitia vitunguu.

4. Vitunguu, Bi. Luan!

Jumapili Peizhen na mumewe wanapanda treni kuhamia mbali, Kunming, alikopata kazi mume. Nataka mjukuu wangu, Mungu akimleta, alale kwenye kitu kilichotoka mtaani kwetu. Ndiyo maana naiomba Kamati iamuru hivi: Bwana Duarte akilete kitanda kabla ya Ijumaa mchana, bila vitunguu. Mimi nikikatae mara tatu. Tuvutane mlangoni si chini ya robo saa, majirani wawili wakishuhudia, na ikiwezekana kifungo kimoja cha shati langu kikatike. Hapo ndipo nitashindwa.

Tena, kuanzia sasa mgeni yeyote anayehamia hapa apewe mtihani wa kukataliwa, na atakayekata tamaa mara ya kwanza asipewe ufunguo wa geti. Watu hawa wanaamini maneno ya mtu kama yalivyotoka mdomoni. Tukiwanyamazia, wataharibu watoto wetu.

Msalimie mzee wako na goti lake, wajukuu wote, na yule shemeji yako aliyeondoka harusini na samaki mzima kwenye mfuko. Sina kinyongo naye, yeye angalau nilimkataza mara tatu.

Ni mimi jirani yako, nisiyehitaji kitu chochote,
Qu Maolin

Tanbihi: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Mke wangu ameisoma barua hii. Kisha akanikumbusha kwamba mwezi wa tatu Peizhen aliniuliza, "Baba, unataka tubaki hapa?" Nikamjibu, "Aa, hapana, hapana, nendeni! Sisi tuko sawa." Aliniuliza mara moja tu. Na huyo si Mreno, nimemlea mwenyewe, mtaani humu humu. Basi mwacheni Bwana Duarte na vitunguu vyake. Ila ukimwona Peizhen kabla ya Jumapili, tafadhali mwambie aniulize tena.