Upepo Mwanana Unatarajiwa

Jumatatu, 9 Februari

Joto. Sina neno lingine.

Mke wangu ameondoka jana kwenda kwa mama yake, kule milimani. Kabeba nguo zake, sawa, ni zake. Lakini kabeba na feni! Aliniambia taratibu kabisa kwamba hana ugomvi na mimi, ugomvi wake ni na bati. Nyumba yetu haina dari. Kiangazi hiki ukikaa sebuleni mchana unaiva upande mmoja, kisha unageuka. Anasema atarudi siku ubao wa halmashauri utakaposoma chini ya thelathini, au siku nitakapopigilia dari, lolote litakalotangulia. Plaiwudi za dari ziko nyuma ya kabati tangu kiangazi kilichopita. Ningekuwa nimeshazipigilia zamani kama si kazi.

Na kazi yenyewe si mchezo. Mimi ndiye mtunza kipimajoto wa mji. Kila adhuhuri nafungua kisanduku cheupe kilicho uani kwa halmashauri (ufunguo ninao mimi, ingawa kufuli lake bovu hufunguka hata ukilivuta), nasoma, natoka nje ya geti na kuandika ubaoni joto la leo. Chini yake naandika utabiri wa kesho, kutoka kichwani mwangu. Redio ya mji inasoma ubao wangu neno kwa neno. Mama mkwe haikosi redio hiyo hata siku moja.

Halafu kuna ile kanuni. Joto likifika digrii arobaini, ofisi zote za halmashauri zinafungwa na watu wanakwenda nyumbani. Basi nikielekea kwenye kisanduku, vichwa vinajaa madirishani kana kwamba nakwenda kutaja washindi wa bahati nasibu.

Leo 39. Mhasibu, ambaye huniita Profesa kwa kejeli, akaniomba nisome tena, safari hii nikiinamisha shingo kidogo. Nikamjibu kwamba sayansi haiinamishi shingo. Akaenda zake kanuna. Siku haikuwa mbaya sana.

Jumanne, 10 Februari

Nimelala sakafuni kama mjusi. Nimemkumbuka mke wangu. Nimeikumbuka na feni, lakini mke wangu zaidi, nadhani.

Asubuhi nikiwa napiga mswaki, wazo likanijia. Mke wangu anataka ubao usome chini ya thelathini. Ubao ni wangu! Ila mimi si mwongo. Siwezi kuandika namba ambayo kipimajoto hakijasema. Lazima kiseme chenyewe.

Nikanunua barafu kwa Mama Barafu, anayeuza pale pembeni ya geti. Akaniuliza ya nini asubuhi yote hii. Nikasema nina mjomba mgonjwa, mguu umevimba. Akanipa pole na kipande cha nyongeza. Nikaifunga barafu kwenye kitambaa nikaiweka kisandukuni, nyuma ya kipimajoto, kama mtu anayemlaza mtoto.

Adhuhuri: 28. Nikaandika 28. Chini yake: "Upepo mwanana unatarajiwa." Dhamiri yangu nyeupe kabisa, nimeandika nilichokiona.

Watu wakasimama mbele ya ubao wakijifuta jasho na kusoma. Mhasibu akawaambia wenzake kwamba jua limenipiga kichwani. Lakini Mkurugenzi akaniita ofisini. Nikajua leo namwaga unga. Kumbe anataka kunipongeza! Anasema tangu kiangazi kianze hajawahi kuona watu wametulia mezani hivi baada ya adhuhuri. Akaniambia niendelee hivyohivyo. Nikamwambia nitajitahidi.

Jumatano, 11 Februari

Barafu ilizidi kidogo. 24.

Redio ikawashauri wasikilizaji watoke na kitu cha kujifunika mabegani. Karani wa masijala akaja kazini na sweta, kwa sababu yeye anaiamini serikali. Alikaa na sweta hilo mpaka jioni. Uso ulimwiva, jasho linadondokea mafaili, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba nje kuna baridi, ila yeye ndiye hajisikii vizuri.

Si peke yake. Daktari wa zahanati alifika mchana, macho yamemtoka. Anasema foleni imefika barabarani. Watu wanalalamika miili inawaka, na wote wanasema haiwezekani kuwa ni joto maana wamesoma ubao. Anahofia ni ugonjwa mpya. Mkurugenzi akaunda kamati papo hapo: yeye, daktari, mhasibu, na mimi kama katibu. Tukajifungia chumbani kujadili kwa nini watu wanatoka jasho katika hali ya ubaridi. Kamati nzima ilikuwa imelowa. Mhasibu alikuwa ananitazama tu. Sikuupenda mtazamo ule.

Mama Barafu naye kaniambia biashara imekufa. Watu wanaona haya kununua barafu wakati redio inasema wajifunike. Mteja wake nimebaki mimi. Akauliza hali ya mjomba. Nikasema sasa ni miguu yote miwili. Anataka kuja kumwona. Nikasema mjomba hapendi wageni.

Alhamisi, 12 Februari

Mhasibu ni adui wa maendeleo.

Nimefungua kisanduku nimshughulikie mgonjwa wangu, nikakuta chupa mbili za maji ya moto zimeegemea kipimajoto, zimevishwa soksi. Soksi nazijua. Za kijivu, ana kawaida ya kukunja suruali zionekane. Kipimajoto kinasoma 47! Na adhuhuri ndiyo hiyo inagonga, vichwa vyote madirishani, wengine wameshabeba mikoba.

Nikazitoa chupa. Nikamwaga barafu yote niliyokuwa nayo. Kipimajoto kikashuka kwa shingo upande hadi 33, kikagoma. 33! Mke wangu kasema chini ya thelathini, na namjua, hapunguzi hata nusu. Nikasimama pale nimekata tamaa. Kisha nikainamisha shingo kidogo, nikafumba jicho moja. Ukikisoma kwa chini, upande wa kushoto, ni 29. Jambo hili linahitaji utafiti.

Nikaandika 29. Madirishani mikoba ikarudishwa chini. Mhasibu akapita karibu yangu na kuniuliza kwa upole kama shingo inauma.

Jioni simu. Mama mkwe! Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimesimama wima kabisa, ingawa hanioni. Akaitikia marahaba, baba. Anasema wanasikia redioni kwamba mji wetu siku hizi una hewa nzuri kushinda hata milimani. Mke wangu ameridhika, kesho anarudi. Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Kisha mama mkwe akamalizia: na yeye anakuja pia, maana baridi ya kule inamsumbua magoti, anataka kumaliza kiangazi chote kwetu.

Nikasema karibu sana, mama. Nikakaa chini. Kiti kilikuwa cha moto.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ndefu. Naandika kwa kifupi.

Alfajiri nilinunua barafu yote ya Mama Barafu. Nusu nikaipeleka kisandukuni, nusu nikaitandaza nyumbani: chini ya kitanda, nyuma ya kochi, juu ya kabati. Nikavaa sweta langu la harusi ili wageni wapate moyo. Nikaenda stendi.

Wakateremka. Mama mkwe kavaa koti, kajitanda blanketi, soksi mpaka magotini. Mke wangu na shali, na feni kwapani. Nilifurahi kumwona hadi nikasahau mambo yote. Akanitazama, akalitazama sweta, akalitazama jua. Nikasema upepo mwanana umechelewa kidogo njiani.

Tulitembea. Mama mkwe alivua blanketi kwenye duka la dawa, koti kwenye kituo cha mafuta, soksi mbele ya benki. Mimi ndiye niliyebeba vyote. Tulipofika geti la halmashauri miguu ilimwishia, akakaa kwenye benchi la Mama Barafu na kuomba kipande cha kuweka utosini. Mama Barafu akasema hana hata chembe, mimi mkwe wake nimenunua yote alfajiri. Kisha akaniuliza, mbele yao wote, mjomba anaendeleaje.

Mke wangu akauliza mjomba gani. Mama Barafu akaeleza: yule wa miguu. Mke wangu akasema mimi sina mjomba. Mama Barafu akasema basi barafu inayoingizwa uani kila siku inakwenda kwa nani.

Nilitaka ardhi inimeze.

Mke wangu akaingia getini. Mlinzi hakuthubutu kumzuia, na mimi nisingethubutu pia. Adhuhuri ilikuwa imefika. Vichwa madirishani. Akafungua kisanduku. Barafu ikamporomokea miguuni, kisha kitambaa, kisha chupa za maji ya moto zenye soksi, maana mhasibu naye alikuwa amewahi. Akavitoa vyote kimoja kimoja na kuvipanga chini. Akasubiri. Uwanja mzima ukasubiri naye. Kisha akasoma kwa sauti, shingo imenyooka: arobaini na moja.

Watu wakalipuka kwa shangwe. Mhasibu alikuwa wa kwanza getini, akimwita mke wangu mkombozi wa taifa. Karani wa masijala alivua sweta na kulia, akasema kumbe yeye ni mzima. Mkurugenzi akanidai ufunguo wa kisanduku, akamkabidhi mke wangu. Alisema ni kwa muda. Kisha na yeye akaenda nyumbani.

Kwetu tulikuta barafu yote imeyeyuka. Godoro limelowa, ya juu ya kabati imeshuka hadi kwenye picha za harusi. Mama mkwe akatazama juu, kwenye bati. Akatazama nyuma ya kabati, kwenye plaiwudi. Akaniambia, polepole, kama anayesema na mtoto: mwanangu, si ungepigilia tu hizo mbao?

Mke wangu hakupaza sauti. Anasema basi la kurudi milimani linaondoka Jumapili. Kama hadi hapo hakuna dari, atakaa kwa mama yake mpaka mvua. Akasema hata yeye hapendi kuondoka. Hilo ndilo lililoniuma. Wamekwenda kulala kwa Mama Barafu, ambaye ana dari.

Jumamosi, 14 Februari

Nimebadilika. Nimeyaona makosa yangu yote, na mengi ni ya mhasibu. Leo napiga dari.

Nimeazima nyundo, ngazi na misumari kwa jirani. Nimezitoa plaiwudi, nimezifuta vumbi. Nimepanda ngazi. Kule juu ni moto kuliko chini, nikashuka kupumzika. Nikawa nimekaa nazitazama.

Plaiwudi nzuri sana. Pana, laini, hazina hata fundo moja.

Nikaanza kufikiri. Tatizo la ubao wa halmashauri ni udogo. Unabeba siku moja tu. Mtu anasoma leo ni 41, anakata tamaa, anapanda basi. Lakini angeona wiki nzima mbele yake! Angeona kwamba leo ni mbaya lakini kesho kuna nafuu, na keshokutwa zaidi. Asingeondoka mtu. Na kisanduku wamechukua, ufunguo wamechukua, ila utabiri unatoka kichwani mwangu, na kichwa hawajakichukua.

Nimepanda ngazi tena, kwa kazi nyingine.

Jumapili, 15 Februari

Ubao wangu umekamilika! Umefunika ukuta wote wa mbele, kutoka mlangoni hadi dirisha la chumba. Plaiwudi zote zimeingia, hakikubaki hata kipande. Nimeupaka rangi nyeusi na kuugawa kwa siku, maandishi unayasoma ukiwa upande wa pili wa barabara. Jumatatu 29, upepo mwanana. Jumanne 28, upepo mwanana zaidi. Jumatano mawingu. Alhamisi mvua kubwa.

Mke wangu na mama mkwe walikuja kabla ya basi kuangalia dari. Mke wangu alisimama barabarani na begi lake. Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Midomo ilimtikisika, sikuweza kujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Mama mkwe alisoma mpaka mwisho, akauliza kama hiyo mvua ya Alhamisi ni ya kweli. Nikasema ni karibu hakika. Mke wangu akaliweka begi chini. Moyo ukanidunda! Kumbe anabadilisha mkono tu.

Kabla ya kupanda basi alinishika shavu kidogo na kusema Alhamisi atasikiliza redio. Mvua ikinyesha kweli, atarudi. Kaondoka na feni.

Nimeketi chini ya bati nikiwa na matumaini makubwa. Nimeshaongea na dereva wa gari la zimamoto. Anasema Alhamisi hana safari.