Dafu la Mheshimiwa

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Mgongo umekufa. Tangu alfajiri nakata mawe katika timbo la Munje. Jua la kwetu Mwingi, bara, hukausha mtu. La huku humchemsha.

Jioni nikapita sokoni Msambweni kumwamkia Bi Mwanarusi, mwenye nyumba wangu. Kibanda chake kinatia huruma. Vitunguu vimebaki karai moja, mchele umekwisha. Shoga yake wa Tanga, anayemletea mizigo mwaka wa kumi na tano huu, amekataa kuleta hata gunia. Redio imesema serikali ya kwao inajitoa COMESA, ule umoja wa nchi za kuuziana bila kubanana sana kwa ushuru. Shoga anaogopa ushuru. Hajui utapanda lini, wala kwa kiasi gani. Hakuna aliyemwambia.

Soko zima linawatukana wakubwa, wa huko na wa huku. Charo, muuza samaki wa kukaanga, alisema watu hawa huingia umoja kama mtu anayeingia hotelini, akasoma bei ukutani, akatoka. Tukacheka. Bi Mwanarusi hakucheka wala hakutukana. Alisema matusi hayajazi gunia. Anataka kitu kimoja tu: karatasi yenye sahihi ya mkubwa inayosema ushuru wa sasa unakwenda mpaka lini. Akiipata, shoga ataleta mzigo. Akiikosa, kibanda kitafungwa kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ndiyo inayomlisha mwaka mzima.

Jumamosi anakuja mheshimiwa mmoja wa mambo ya biashara, kutoka Mombasa, kuzungumza na wananchi.

Nimelala nikiwaza. Mheshimiwa ana ofisi. Ofisi ina kivuli. Kivulini kuna kiti. Kwa nini kiti hicho kisiwe changu?

Jumanne, 9 Novemba

Nimejitolea kuandika barua ya akina mama wa soko kwa mheshimiwa. Nilifika darasa la sita, na hati yangu ni nzuri. Nikajaza kurasa mbili: Mheshimiwa mtukufu, mpendwa wa wote, jemadari wa maendeleo, na kadhalika.

Bi Mwanarusi alisikiliza yote mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akaniambia kwa upole, mwanangu, umemsifu mpaka tumesahau tunataka nini. Akataka nifute. Nikafuta. Nikafuta tena. Zikabaki sentensi tatu, na kila moja ilisimama kama nguzo. Mama huyu amesoma chuo cha Kurani tu, huandika kwa herufi za Kiarabu, lakini angekuwa bungeni wengine wangelala nyumbani.

Kibwana, mkwezi wa minazi, akaingilia. Alisema barua asome yeye siku hiyo, kwa sababu Kiswahili changu kinanuka Mwingi. Wote wakakubali! Hata Bi Mwanarusi.

Sawa. Usiku nimeandika barua nyingine, yangu binafsi. Naomba kazi ya kukaa. Nitaiweka chini ya ile ya akina mama. Wakubwa hutia sahihi bila kusoma, kila mtu anajua.

Jumatano, 10 Novemba

Leo nimejua jambo kubwa. Sokoni hapa kuna desturi: mgeni wa heshima hapandi gari lake kabla hajanywa dafu la wenyeji. Akiondoka koo kavu, ni kama amewatemea mate, na habari itafika Lunga Lunga mpakani kabla yake.

Kwa hiyo mwenye dafu ndiye mtu wa mwisho kusimama karibu na mheshimiwa. Uso kwa uso!

Kazi hiyo walimpa Kibwana. Nikasimama. Nikasema si haki mtu mmoja asome barua na pia alete madafu, wengine tumekuja huku kutazama bahari? Kibwana akaniuliza kama mtu wa bara analijua dafu au huliona kwenye kalenda. Watu wakavunjika mbavu. Bi Mwanarusi akanyamazisha wote, akanishika bega, akasema Maweu ni mtu wetu, acheni atuletee. Nilitaka kulia. Akaniagiza: laini, mwanangu, yawe laini.

Nimemwandikia mke wangu Kavindu kwamba karibu nitakuwa na kiti.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimekwenda mpaka Kona ya Musa kwa Mbodze, mama mwenye rundo kubwa la nazi za kila aina. Nikachagua kama ninavyochagua jiwe: zito, gumu, lisilo na ufa. Halafu nikatikisa kila moja sikioni. Lililokaa kimya nikalirudisha. Lililolia maji, chubwi chubwi, nikaliweka kando. Maji yakisikika, maji yapo! Hilo halihitaji shule.

Mbodze aliniuliza nakwenda kukunia wali wa watu wangapi. Nikasema ni madafu ya mheshimiwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Akanisukumia mengine, ya kijani, mabichi, bubu kabisa. Nikamwambia mimi si mtoto. Nadhani amenipenda.

Jumamosi, 13 Novemba

Siku! Lazima niandike.

Mheshimiwa aliahidi saa nne, akafika saa nane. Akazungumzia subira. Akazungumzia umoja. Akazungumzia mvua. Kuhusu ushuru alisema mambo ya majirani ni ya majirani, na akatazama saa. Watu wakaguna. Charo akauliza kwa sauti, je, na vitunguu ni vya majirani? Mheshimiwa akatabasamu, akasema muda umemwishia, atalowesha koo tu aende zake.

Macho yote kwangu.

Nikachukua panga. Pigo la kwanza, panga likanasa. Nikalichomoa. La pili, likateleza na kukata hewa karibu na dereva wake. La tatu, ganda likacheka tu. Jasho! Kibwana alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Nikakimbilia mfuko wangu, nikatoa tindo na nyundo ya timboni. Kaa! Kaa! ikalia nyundo.

Mheshimiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, hawezi kupanda. Hapo ndipo Bi Mwanarusi alipoinuka. Akatengeneza buibui lake taratibu. Akamkaribisha aketi, dafu linakuja, inshallah. Akamuuliza, kwa adabu kama anayeuliza habari za watoto, ushuru huu unakwenda mpaka lini.

Mheshimiwa akajibu ni mambo ya sera. Kaa! Bi Mwanarusi akasema hapana haraka, kama unavyosikia. Akajibu Nairobi wanalishughulikia. Kaa! Bi Mwanarusi akasema wewe tumekuona, Nairobi hatuijui, tuambie wewe. Jua likamgeukia mheshimiwa usoni. Akapangusa shingo. Mwishowe akasema, sauti ya chini, kwamba nchi ikitaka kutoka hutoa notisi ya mwaka mzima, na kabla ya hapo hakuna kinachobadilika.

Kumbe alijua! Siku zote hizo alijua, na hakuna aliyefungua kinywa kuwaambia akina mama.

Bi Mwanarusi hakupandisha sauti hata kidogo. Alishukuru. Akasema basi ayaandike hayo chini ya barua yetu na atie sahihi.

Kibwana akasoma barua, sentensi tatu, safi. Akafunua ukurasa. Akasoma yangu pia! Kwa sauti ileile: Mimi Maweu, mwenye mgongo mbovu, naomba kazi ya kukaa kivulini, na feni ikiwezekana. Kicheko kilifika baharini.

Mheshimiwa akachangamka. Alisema hii ya kijana ataisaini sasa hivi, ile nyingine ataifikiria njiani.

Naandika ukweli, kwa sababu hii ni shajara yangu: nilimpa kalamu.

Wakati huohuo ganda likapasuka. Bi Mwanarusi akalichukua mikononi mwangu, akalishika kifuani. Akamwambia mheshimiwa, dafu hili ni la mtu aliyemaliza kazi. Zote mbili, baba. Ya mwanangu huyu na ya kwetu.

Mheshimiwa akaandika. Akasaini zote mbili. Akanywa. Akafumba jicho moja, akameza kama dawa, akaondoka.

Nina miaka thelathini na minane. Sijawahi kuona mtu akimfunga mkubwa kamba bila kumgusa. Na yangu hakuiacha, baada ya niliyomfanyia.

Alhamisi, 18 Novemba

Mzigo umefika! Vitunguu vyekundu, mchele, mpaka mlangoni kumejaa. Shoga wa Tanga aliiona karatasi kwa macho yake, akapakia siku hiyohiyo. Majirani bado wanajitoa COMESA, na Charo bado anatukana. Bi Mwanarusi anasema mwaka si mwingi, lakini Ramadhani imo ndani yake, na mwaka ukiisha atasimama tena. Naamini. Amenijazia vitunguu kwenye kofia.

Barua yangu nayo imejibiwa. Nilitumwa Ukunda, kwenye nyumba mpya ya mheshimiwa. Kazi: kuchonga mawe ya ukuta. Kivuli kipo, cha ukuta wenyewe, asubuhi tu. Kiti ni jiwe. Nimerudi timboni.

Jioni Bi Mwanarusi aliniweka chini akanieleza pole pole. Dafu zuri hujaa maji mpaka juu, ndiyo maana hukaa kimya. Linalolia limeanza kukomaa, hilo huitwa koroma, la kukuna au kuacha. Nikaitikia, ndiyo mama, nimeelewa.

Lakini nimefikiri. Nani aliyemsimamisha mheshimiwa juani mpaka akasema kweli? Ni madafu yangu. Kibwana angeleta yale bubu, mtu angekunywa mara moja na kuondoka. Watu hapa wana wivu tu na mtu wa bara.

Diani kuna mahoteli, yana wageni wenye kiu. Nimenunua rundo zima la Mbodze. Alicheka tena, maskini, mapenzi haya. Nimemwandikia Kavindu auze mbuzi mmoja, tunaanza biashara.

Nimeyatikisa yote, moja moja, sikioni. Yanalia vizuri sana.