Kielelezo Lazima Kiwe Hai

"Jogoo hatagi, mwanangu. Sasa ataachaje kutaga?"

"Bibi, huyu anawika saa ngapi?"

"Alfajiri. Na ile helikopta ikipita, anawika tena saa saba mchana."

"Si unaona? Kachanganyikiwa huyo. Mlete."

"Simleti."

Bibi Hajira alimkumbatia jogoo wake kama mtoto anayepelekwa sindano. Yordani, afisa malalamiko ya anga, akaandika kwenye fomu: mlalamikaji hatoi ushirikiano.

Uafisa huo alijipa mwenyewe juzi yake. Alikuwa amekaa kijijini Chanika anakunywa chai, helikopta ya watu wa kupima madini ikapita chini mpaka bati za Bibi Hajira zikabanduka upande mmoja. Chai ikaingia mchanga. Watu wakatukana juu, wakakumbushana kwamba sheria ipo, ndege ina kimo chake kwenye nyumba za watu. Ila hakuna aliyejua malalamiko yanapelekwa wapi. Yordani naye hakujua. Lakini yeye alikuwa na shati jeupe.

Kwake Korogwe alikuwa na kuku wa mayai ishirini na wawili. Ndio mtaji wote, hana shamba, hana kazi nyingine. Mayai anachukua Filomena, mwenye hoteli karibu na stendi. Sasa Filomena alikuwa anataka na kuku wa kienyeji kwa ajili ya mchuzi, wafike Ijumaa. Yordani hana wa kienyeji. Chanika wanao.

Akatangaza kwamba kila lalamiko liambatane na kuku aliyeathirika. Atapimwa Korogwe, ikithibitika, fidia inatoka. Tena kielelezo lazima kiwe hai, serikali haipimi nyama. Dalili akazitunga palepale: kuku anaacha kutaga, anazubaa, anasinzia mchana, hali chakula, yote hofu ya helikopta. Alizihubiri vizuri mpaka zikamwingia na yeye.

Neno fidia likafanya kazi yake. Kufika adhuhuri, Chanika nzima hakuna kuku aliyekuwa anataga.

Bibi Hajira peke yake alikuwa na lalamiko la kweli. Alitaka ziandikwe bati zake, maana mvua inakuja na wajukuu wanalala upande ule. Yordani akamwambia bati hazina uhai, haziwezi kuwa kielelezo.

Bibi akamtazama. Akamuuliza kwa upole kama na yeye kwake anafuga. Yordani akajisifu: ishirini na wawili, banda moja, na chanjo hajawahi kuwapa, wale wachanjaji ni matapeli tu.

"Haya, baba," Bibi akasema. "Njoo kesho. Nitawaambia watu wakuchagulie walioathirika hasa."

Alhamisi akakuta tenga limejaa, bure kabisa. Kuku wamezubaa, wamesinzia, hawali. Mmoja shingo imepinda, macho yanaangalia mbinguni.

"Huyu vipi?"

"Bado anaitafuta," akasema Bibi Hajira.

Yordani akaandika: bado anaitafuta. Akafunga tenga kwenye pikipiki, akaenda zake Korogwe anapiga mluzi. Usiku akawalaza banda moja na wa kwake.

Ijumaa Filomena alifunua tenga, akafunika hapohapo. "Kideri hiki, kaka, kinamaliza banda zima. Toa hotelini kwangu. Na hao wa kwako umewachanja?"

Yordani akawasha pikipiki, akakimbilia bandani kwake.

Wa kwanza alianguka Jumatatu. Wa ishirini na mbili alikufa Jumatano, shingo imepinda, anaangalia mbinguni, na Korogwe hapakuwa na helikopta yoyote.

Alhamisi akarudi Chanika na kiroba, akakimwaga mbele ya mlango wa Bibi Hajira. Bibi alikuwa juu ya ngazi anapigilia bati zake mwenyewe. Jogoo wake, aliyechanjwa, anadonoa chini.

"Shikamoo," Yordani akasema, maana hasira ni hasira na mtu mzima ni mtu mzima.

"Marahaba."

"Bibi, mmeniua. Mlijua ni kideri. Sina kitu tena, hata yai la kukaanga sina. Nitakwenda kwa mtendaji, nitawashtaki wote."

Bibi akashuka taratibu. Akaziangalia maiti ishirini na mbili, moja moja, kama mtu anayezipima kweli.

"Andika malalamiko, mwanangu," akasema. "Ila hizi hazipokelewi. Kielelezo lazima kiwe hai."

Akambeba jogoo wake kwapani, akageuka, akaingia ndani.