Malalamiko Kuhusu Jeli Iliyopakwa Kwenye Fizi za Mke Wangu

Rahaleo, Mtwara

Mheshimiwa Daktari Raheli,

Pokea salamu za heshima. Mimi ni Kasiani, mtunza ghala bandarini, mume wa Mwalimu Yustina, yule uliyempasua fizi za chini. Nakuandikia kwa adabu, ingawa nyumba yangu imevurugika kwa sababu ya jeli yako.

Utakumbuka tulivyokuja. Fizi zake zilitoka damu na meno yalikuwa yakicheza. Ulituonyesha picha ya eksirei, ukasema mfupa unaoshika meno umelika. Ukaeleza kwamba utafungua ufizi, usafishe mizizi, upake jeli, kisha ushone. Na kwamba jeli hiyo si gundi, bali inausaidia mwili kujenga tena, taratibu, sehemu ya kilichopotea. Nilikubali papo hapo. Hukunieleza ni mambo gani mengine yangerudi pamoja na mfupa.

1. Chakula. Miaka yote ya meno kulegea, Yustina alikula uji na wali uliolainishwa kwa mchuzi. Pweza na nyama ya mbuzi alinisogezea mimi, nami nilipokea kwa moyo mmoja. Sasa anakula pweza wake mwenyewe. Juzi rafiki yetu Ussene alituletea korosho kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Nilipotoka kuoga nilikuta maganda.

2. Maneno. Zamani aliongea akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, kwa hiyo aliongea machache. Jumapili iliyopita, kwenye jumuiya, nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi upepo ulivyong'oa paa letu. Yustina akasimama, mdomo wazi, akasema, "Upepo hauna kosa. Misumari alipigilia Kasiani." Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Mheshimiwa, kicheko hicho kilisikika mpaka barabarani.

3. Sigara. Ulimwambia kwamba moshi huchelewesha fizi kupona. Ulikuwa unamwonya yeye, ambaye havuti. Lakini yeye ameitafsiri kuwa ni amri ya serikali kwangu. Navutia nje ya ua, kwenye jua, mbuzi wa jirani wakinitazama, na hata huko ananifuata na kuniuliza kama mimi sina fizi.

4. Hili ndilo zito. Tangu aone meno yametulia, anaamini hakuna kitu kilichoharibika moja kwa moja. Amerudi kwaya. Ameupigia simu ukoo wangu wote tuliogombana nao, na sasa wanakuja Krismasi. Amesema hata mimi naweza kurekebishika, kwa uvumilivu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mosi, mume atie sahihi kabla mkewe hajapakwa jeli, baada ya kuelezwa madhara yake kwa mume. Pili, itafutwe jeli hafifu, inayoshika jino kwa ajili ya uji na maongezi ya kawaida, lakini isiyofika kwenye kicheko. Ikishindikana, basi wagonjwa waongezewe nyuzi chache pembeni mwa midomo.

Nisalimie Nesi Happiness, mlinzi wa getini, na wote wanaosubiri kwenye benchi, hasa wanaume waliosindikiza wake zao. Waambie bado hawajachelewa kurudi nyumbani.

Wako mwenye kuonewa lakini mwenye heshima,
Kasiani

N.B. Daktari, fizi za juu bado hazijafanyiwa. Yustina anaogopa sindano ya ganzi, naye atakuja kukuomba muahirishe mpaka mitihani ya shule iishe. Usimkubalie. Mpangie siku ya karibu, na jeli usimpunguzie hata kidogo. Binti yetu Glory alipoolewa, mama yake alikataa kupigwa picha, akasema mdomo wake si wa kuonyesha watu. Sasa Glory anakaribia kujifungua. Nataka mjukuu amkute bibi yake anacheka. Nitamleta mwenyewe, na safari hii naomba kukaa ndani nimshike mkono.